Kula kwa Niaba ya Watoto

Tamasha la vyakula la hisani, pale Masaki au Oysterbay, lina utaratibu wake. Unalipa kiingilio, unafungwa utepe mkononi, unaanza kuzizunguka tamaduni: mtori wa Kilimanjaro, urojo wa Unguja, senene wa Bukoba (hao hupigwa picha kuliko wanavyoliwa), kisha baga, maana nayo ni mila ya watu. Makabila zaidi ya 120 yanaenea chini ya mahema machache; yasiyoenea yanawakilishwa na ngoma.

Mtoto mhitaji yupo pia, kwenye bango la getini. Anatabasamu.

Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa, wanakovuna mahindi ya kulisha na mikoa mingine, ilizidi asilimia 50. Njombe na Rukwa hazikuwa mbali. Kumbe gunia lipo, ila mtoto anakula ugali mtupu, na mama yuko shambani mpaka jioni. Mshereheshaji hawezi kulitamka hilo. Litaharibu nyama choma.

Saa kumi inaletwa hundi ya karatasi ngumu, mgeni rasmi upande huu, mdhamini upande ule. Mahema, jenereta, muziki na ulinzi vimeshajilipa. Kilichobaki kinapelekwa kwenye kituo cha watoto Jumatatu, kwa gari lenye nembo ya mdhamini: katoni za tambi na juisi za boksi.