Gia ya Meno 25

Jumapili jioni gari lilipitwa na kuku. Kuku mwenyewe hakuwa na haraka: alidonoa, akasogea, akadonoa tena, huku Tamiya TT-02, gari la rimoti lenye bodi ya kung'aa, likilia palepale katikati ya uwanja. Mota ilizunguka. Matairi yaligoma. Watoto waliojipanga kushuhudia kasi wakatazamana, na mdogo wao akauliza kwa adabu zote: "Shikamoo anko. Hilo ni la kuangalia tu?"

"Marahaba," akajibu mwenye gari, akaishia hapo.

Kisa kizima kilianzia kwenye gia ya chuma inayofunikwa na kidole gumba. TT-02 huja na gia ya meno 22 kwenye mota, inayosukuma ya plastiki yenye meno 70. Gawanya 70 kwa 22, zidisha kwa 2.6 ya gia za ndani, unapata 8.27: mota huzunguka mara 8.27 ili tairi lizunguke mara moja. Weka meno 25, uwiano unashuka hadi 7.28. Sasa chukua mota isiyo na brashi ya kv 3300, yaani mizunguko 3,300 kwa dakika kwa kila volti. Ipe betri ya volti 7.4 na matairi ya kipenyo cha milimita 64. Kwenye karatasi, kilomita 35 na ushei kwa saa zinakuwa 40. Kwa meno matatu tu! Nani angepata usingizi?

Kasi hiyo haitolewi bure. Gia ikiwa nzito, mota inakuwa kama mtu anayepanda mlima Kitonga kwa baiskeli iliyokwama kwenye gia kubwa: inanyonya umeme mwingi, inachemka, na sumaku za kawaida za neodimi huanza kudhoofika joto likizidi nyuzi 80 hivi. Ndiyo maana wazoefu huongeza jino moja moja, wakaendesha dakika chache, wakapima joto, ndipo wakafikiria jino jingine. Mwenye gari alikuwa na kipimajoto mfukoni. Hakikupata hata kazi.

Maana meno nayo yana saizi. TT-02 hutumia moduli 0.6, yaani kipenyo cha gia kwa milimita ukikigawanya kwa idadi ya meno. Gia ya meno 25 aliyouziwa ilikuwa ya kipimo cha inchi, meno 48 kwa kila inchi ya kipenyo, sawa na moduli 0.53. Kwa macho ni pacha. Zikikutana, chuma kinaparamia plastiki na kuisaga mpaka inabaki laini. Tena kipimo cha meno 32 kwa inchi na moduli 0.8 kweli vinakaribiana sana, basi wauzaji wamekariri kwamba zote zinaingiliana.

Hapo utani unaisha. Pakiti ilikuwa na picha ya gari likiruka na maneno "ubora wa juu". Moduli, namba moja tu, haikuandikwa popote. Alipouliza kabla ya kulipa, aliambiwa gia ni gia, bosi. Plastiki iliposagika, duka lilelile likamuuzia nyingine, tena kwa pole nyingi. Wanaokula hasara hiyo ni wengi, na duka halina sababu ya kuchapisha hiyo namba.

Yaliyofuata ni madogo. Gia ya pili ilibanwa bila kupitisha kwanza ukanda wa karatasi kati ya meno ili kuacha nafasi, ikapiga mluzi. Skrubu haikukaa kwenye ubapa wa shafti, gia ikachomoka.

Duka jingine limeleta ya moduli 0.6, imeandikwa mbele na nyuma. Tundu lake ni milimita 5. Shafti ya mota ni 3.17.