Maji ya Kisima, Saa 24

Matangazo ya nyumba za kupanga Kilimani, Nairobi, hujisifu: maji ya kisima, saa 24. Mpangaji huulizia lifti, jimu, intaneti, hata rangi ya vigae. Cheti cha maabara? Asije akaonekana mshamba! Anachemsha maji, roho inatulia. Vijidudu vinakufa, sawa. Lakini floraidi, ambayo katika visima virefu vingi vya Nairobi hupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, haijali moto. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inakolea. Meno ya mtoto yakiota na madoa ya floraidi, zinalaumiwa peremende. Na bado mpangaji huyo anawahurumia watu wa mtaa wa Kawangware kwa visima vilivyopakana na vyoo vya shimo! Mheshimiwa wa ghorofa ya tisa, kabla ya kutia sahihi mkataba, omba matokeo ya kipimo.