Sabato katika Shule Isiyo na Kengele

Elimu ya nyumbani, yaani utaratibu ambao mzazi huwafundisha watoto wake mwenyewe badala ya kuwapeleka shuleni, ina faida nyingi ambazo watetezi wake hawachoki kuzieleza, lakini ina upungufu mmoja usiotajwa mara nyingi: haina kengele ya kutokea. Mwalimu wa shule ya kawaida hufunga daftari la mahudhurio siku ya Ijumaa akaenda zake, na mwanafunzi wake akimwona sokoni Jumamosi hujificha nyuma ya magunia ya viazi, jambo ambalo huziridhisha pande zote mbili. Mama anayefundisha nyumbani hana pa kwenda, wala mwanafunzi wake hana gunia la kujifichia. Hukutana tena mezani kwenye uji, na mara nyingi uji wenyewe hugeuka kuwa somo la vipimo. Ndiyo maana kwa familia za Kikristo zilizoshika njia hii, na hasa za Waadventista Wasabato, swali la nini kifanyike siku ya mapumziko ni zito kuliko linavyoonekana.

Mfano wake ulio wazi unapatikana katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambako wahamiaji kutoka Kisii, eneo la Kenya lenye Waadventista wengi, wamejenga jamii kubwa mjini Minneapolis na katika miji jirani kama Brooklyn Park. Sheria ya jimbo hilo huruhusu elimu ya nyumbani, mradi mzazi atoe taarifa kwa msimamizi wa elimu wa wilaya na mtoto afanye mtihani sanifu kila mwaka, lakini sheria haisemi lolote kuhusu jua, na matata yote huanzia hapo. Kwa Waadventista, Sabato huanza jua linapozama Ijumaa na kuisha linapozama Jumamosi, na nyakati hizo mbili huadhimishwa kwa ibada fupi za familia ziitwazo kufungua na kufunga Sabato. Kisii, palipo karibu sana na ikweta, jua ni mtumishi mwaminifu ambaye huondoka kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni mwaka mzima. Minneapolis jua hilo hilo huzama saa 10:30 alasiri mwezi Desemba, wakati hesabu za sehemu bado ziko wazi mezani, na mwezi Juni huzama saa 3:00 usiku, wakati watoto waliotakiwa kuimba wimbo wa kufunga Sabato wamekwisha kulala kwenye zulia, mmoja wao akiwa bado ameshika soksi.

Mtoto mwenye akili hachukui muda mrefu kugundua kwamba mwezi Desemba swali la nne la hesabu likivutwavutwa vya kutosha, jua litamwokoa.

Ijumaa yenyewe huitwa siku ya maandalio, kwa maana kwamba kupika, kufua na kupiga pasi hukamilishwa kabla ya machweo ili kesho yake pasiwe na shughuli, na wapishi wa Kikisii wanajua kwamba si kila chakula huikubali sheria hiyo, kwa kuwa ugali ukipikwa Ijumaa na kuliwa Jumamosi huwa umekaribia kuwa kifaa cha ujenzi. Kwa hiyo familia nyingi zimekimbilia sufuria ya umeme inayopika polepole, ambayo hupakiwa githeri, yaani mahindi na maharagwe, jioni na kuachwa ifanye kazi usiku kucha, ikiwa ndiyo pekee nyumbani isiyobanwa na amri. Udhaifu wake ni kwamba haina budi kuwashwa. Katika nyumba moja jukumu hilo lilikabidhiwa kijana wa miaka kumi kama sehemu ya somo la stadi za maisha, naye akachomeka waya ukutani kwa uangalifu mkubwa lakini hakugusa swichi, na baada ya ibada wageni walioalikwa wakaketi mezani kwa heshima zote, mzee wa kanisa akaombea chakula kwa kirefu, kisha mahindi yakasikika yakigonga sahani. Wageni walikula ndizi mbivu na njugu, na mzee huyo akasifu hekima ya kula vyakula vya asili.

Kuhusu yanayokatazwa, mapokeo ya Kiyahudi yaliyoandikwa katika Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilishwa takriban mwaka 200 baada ya Kristo, yaliorodhesha aina 39 za kazi, zikiwemo kulima, kusuka na kufunga fundo. Waadventista hawaifuati orodha hiyo, lakini hurejea kwenye amri yenyewe katika kitabu cha Kutoka sura ya 20, inayowataja mwana, binti, watumishi, mifugo na mgeni, na katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5, ambako ng'ombe na punda wametajwa waziwazi. Mama hatajwi. Wafafanuzi hueleza kwamba amekwisha kujumuishwa katika anayeambiwa maneno hayo, na bila shaka maelezo hayo ni sahihi, ingawa wako akina mama ambao, wakisugua masufuria Jumamosi usiku, wamewahi kutambua kwamba punda ana andiko lake na wao hawana.

Hata hivyo, kazi ngumu zaidi kwa mama mwalimu kuiacha haimo katika orodha yoyote, nayo ni kuuliza swali ambalo jibu lake analijua. Michezo ya Sabato, yaani michezo ya utulivu inayohusu Biblia au uumbaji, imekusudiwa kumpumzisha mtoto, lakini mikononi mwa mwalimu haikawii kuota mtihani. Chukua igizo la kuanguka kwa Yeriko, linalopendwa kwa sababu halihitaji vifaa zaidi ya kochi na mito. Katika nyumba moja watoto watatu walizunguka kochi mara moja kwa kila siku ya zile sita, kisha mara saba kwa siku ya saba, na mama, kabla hajajizuia, akauliza jumla ni mizunguko mingapi. Mkubwa akajibu kwamba ni 13, kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa kama hiyo si hesabu. Mdogo wake, aliyekuwa hajaulizwa chochote, akatoa hoja nzito zaidi: jeshi likiandamana siku saba mfululizo, lazima siku moja ilikuwa Sabato. Hajui kwamba wanazuoni wa Kiyahudi wa kale waliliona jambo hilo, na kwamba wako walioshikilia kuwa mji ulianguka siku ya Sabato yenyewe. Mama aliahidi kulichunguza. Zikapigwa tarumbeta, ukapigwa ukelele mkuu, na ingawa ukuta haukuanguka, jirani wa ghorofa ya chini alipanda ngazi.

Matembezi ya kutazama maumbile, ambayo ni shughuli nyingine inayosifiwa, yana sifa zake majira ya kiangazi, lakini mwezi Januari kuwavalisha watoto watatu makoti, glavu na buti huchukua muda mrefu kuliko matembezi yenyewe, na yule wa mwisho kufungwa zipu ndiye hukumbuka kwamba anataka kwenda chooni.

Wazazi waliokwisha kuchoka hupewa faraja kutoka pande nyingi, na faraja isiyo na maana kuliko zote ni ile inayotolewa na watu wenye nyumba safi. Faraja ya kweli inatoka kwa Raymond Moore na mkewe Dorothy, Waadventista wa Marekani waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa elimu ya nyumbani nchini humo, ambao katika kitabu chao cha mwaka 1975, Better Late Than Early, walitetea kwamba mtoto asiharakishwe kuingia katika masomo rasmi. Utaratibu waliouhimiza baadaye una nguzo tatu, yaani masomo, kazi za mikono na huduma kwa wengine, na yeyote anayeutazama kwa makini ataona kwamba waanzilishi wenyewe walitaka shule iwe ndogo kuliko ile inayoendeshwa na mama mwenye wasiwasi wa mtihani wa kila mwaka. Shughuli ya Sabato inayofanikiwa kuliko zote, kwa mujibu wa kila mtu aliyewahi kuijaribu, ni usingizi wa alasiri, na inasikitisha kwamba waandishi wa miongozo huipa mstari mmoja tu.

Lililobaki ni suala la nyanya wa watoto wale watatu wa Yeriko, aliye Kisii. Tofauti ya saa kati yake na wajukuu ni saa nane wakati wa kiangazi na tisa wakati wa baridi, hivyo yeye hufunga Sabato yake wao wakiwa bado kanisani, na hapo hapo hupiga simu kuzungumzia bei ya ng'ombe, huku simu ya baba ikitetemeka mfukoni katikati ya mahubiri. Watoto walifundishwa sababu ya jambo hilo kwa tufe la dunia na tochi, somo lililoeleweka vizuri mno. Ijumaa moja ya Januari, saa 4:00 asubuhi, yule mkubwa alifunga kitabu chake cha hesabu, akatangaza kwamba jua limekwisha kuzama kwa Nyanya, na kwamba yeye ameamua kuanza Sabato pamoja na wazee wake. Alipewa alama zote za jiografia, kisha akafunguliwa kitabu pale pale alipoachia.