Namna ya Kuvaa Sketi Cheptais Bila Magoti Kugongana

Sharti la kwanza ni kuukubali mlima. Elgon una mita 4,321 pale kileleni Wagagai, upande wa Uganda, na Cheptais imekaa ubavuni mwake, ikitazamana na mpaka. Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi. Kwa hiyo dada anayeshuka Bungoma mjini, akaijaribu sketi dukani saa nane mchana huku jasho likimtoka, ameijaribia ugenini. Sketi ya Cheptais hujaribiwa Cheptais, saa kumi na mbili asubuhi, mlango ukiwa wazi.

Ujue pia kwamba baridi yetu ina ratiba. Usiku ardhi ya mlimani hupoteza joto, hewa iliyoigusa inapoa, inakuwa nzito, inateremka mabondeni hadi alfajiri. Ndiyo maana pale kijitoni, watoto wanapovukia kwenda shule, huwa na baridi kali kuliko bomani walikotoka juu. Ukiwa na njia mbili, shika ya mgongoni mwa kilima hata ikiwa ndefu. Halafu tofautisha misimu. Baridi ya Januari huja na anga safi, inauma alfajiri, na kufika saa nne jua limeshaifukuza. Hiyo inataka nguo za kuvua moja baada ya nyingine. Ya Julai hukaa na mawingu na manyunyu kutwa nzima. Hiyo inataka nguo kavu kuliko nguo nyingi. Anayeivalia ya Julai kama ya Januari atatetemeka mpaka kengele ya jioni.

Sasa tuingie kwenye sketi yenyewe, na niseme mapema kwamba simlaumu aliyebuni sketi. Wanaume wa Uskoti, nchi yenye baridi ya kugandisha maji, wamevaa kilti kwa mamia ya miaka, na kilti ni sketi ya marinda. Lakini tazama ilivyoshonwa: sufu nzito, takriban mita saba za kitambaa kwa mtu mmoja, nyingi zikiwa zimekunjwa marinda nyuma. Kila rinda hufungia hewa, na hewa iliyotulia ndiyo blanketi. Ile ya zamani ilikuwa shuka zima lililofungwa kiunoni kwa mkanda. Usiku mwenyewe alilifungua akalala ndani yake. Serikali ya Uingereza ililiogopa vazi hilo kiasi cha kulipiga marufuku kwa sheria ya 1746, baada ya uasi wa watu wa nyanda za juu, na aliyekamatwa nalo alifungwa miezi sita. Sheria ilifutwa mwaka 1782.

Sketi ya sare anayopewa binti wa Cheptais ina umbo hilohilo, ila vilivyoleta joto havimo. Kitambaa ni poliesta nyepesi, marinda yamehesabiwa kwa ubahili, na ndani hakuna bitana. Hapo ndipo pa kuanzia kazi. Nenda kwa fundi, umsalimie vizuri, umwambie: "Fundi, niwekee bitana mpaka chini ya goti, na marinda usinibanie." Kitambaa kikiwa hakitoshi, mwache aongeze kipande ndani, kwa nyuma, ambako mwalimu wa zamu hatazami.

Chini ya sketi, tabaka mbili nyepesi hushinda moja nzito, kwa sababu ya hewa ileile ya katikati. Baika kwanza, halafu shimizi ya pamba. Taiti nyeusi za mtumba zikiruhusiwa shuleni, zivaliwe bila kuona haya. Soksi zifike magotini. Zikilegea, zifungwe kwa utepe mpana wa kitambaa, kamwe si kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli: mpira ule hubana damu, na mguu usiopata damu haupati joto. Mafuta ya Arimis miguuni huzuia ngozi kupasuka, na kwa hilo nayasifu. Ila yasikabidhiwe kazi ya soksi.

Adui mkubwa kuliko upepo ni umande. Maji huondoa joto mwilini haraka mara 25 hivi kuliko hewa, na majani ya pembeni mwa njia hulowesha pindo kabla hujafika barabarani. Waskoti waliopigana wakiwa na kilti kwenye mahandaki ya Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia walilijua jambo hili kwa uchungu: pindo lililolowa matope liliganda na kuwachana ngozi nyuma ya magoti. Jeshi liliwapa aproni za kufunga juu ya kilti. Sisi tuna leso. Funga leso juu ya sketi, vaa gambuti, soksi kavu ziwe ndani ya mfuko wa vitabu. Ukifika, vua leso uianike, badilisha soksi, ingia darasani ukiwa mkavu. Mama anayekwenda sokoni Chwele na gunia la vitunguu afanye vivyo hivyo. Ubaridi wa pindo haujali umri.

Kwenye bodaboda, kunja pindo chini ya mapaja na ukae karibu na dereva ili kifua chake kipokee upepo. Leso isipepee nyuma hata kidogo. Nguo ikishikwa na mnyororo au spoku itakuangusha, na hapo tutakuwa hatuzungumzii baridi tena.

Kuhusu moto nitasema bila mzaha. Poliesta haiungui kama pamba. Huyeyuka na kushikana na ngozi, kwa hiyo mwenye sketi ya sare asiyakumbatie mafiga. Na jiko la makaa lisilale nanyi katika chumba kilichofungwa. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na familia nzima inaweza kulala salama isiamke. Ota moto, kisha toa jiko nje, ndipo ufunge mlango.

Kuna njia kongwe kuliko hizi zote. Joseph Thomson, Mskoti aliyezaliwa Penpont mwaka 1858, alifika Elgon mwaka 1883 akakuta watu wakiishi mapangoni pamoja na mifugo yao. Walikuwa na akili sana. Ng'ombe mzima hutoa joto la kilowati moja au zaidi, hali umeme, hali makaa, na hatoi kaboni monoksaidi ya kuua mtu usingizini. Basi kama nyumbani kuna ng'ombe, mwombe mama akuachie zamu ya kukamua alfajiri, na uikamilishe kabla ya kuvaa sare. Miguu ikishapata joto la ubavu wa ng'ombe, ifuatie bakuli la uji wa wimbi, halafu njia ishikwe kwa mwendo wa haraka. Paja linalotembea hujipasha lenyewe.

Lakini tuangalie ni kazi kiasi gani tumempa mtoto. Kaka yake wa sekondari anavuka kijito kilekile akiwa ndani ya suruali, hana bitana ya kuomba wala leso ya kuanika. Msichana anafika darasani amekaza magoti, anafikiria miguu yake badala ya hesabu, na sababu ni mstari mmoja kwenye orodha ya sare ulioandikwa na mtu ambaye pengine hakuamkia mlimani. Kwa shule za Mlima Elgon nataka suruali iandikwe kwenye orodha hiyo, kwa wasichana, kwa jina lake.

Gharama haiongezeki. Mzazi anayenunua sketi mbili anunue sketi moja na suruali moja, rangi ileile, kwa fundi yuleyule. Hoja ipelekwe kwa chama cha wazazi na bodi ya usimamizi ya shule, na ipelekwe muhula wa kwanza, kwa sababu hoja ya baridi ikianza kujadiliwa Julai, suruali zitafika Novemba. Msichana anayependa sketi yake abaki nayo. Kwake huyo bodi iamue jambo moja tu: bitana ni lazima.