Safu ya Ushauri: Kisagio, Espreso na Heshima ya Baba Mkwe

Mashine ya espreso yenye kisagio ndani yake ni chombo cha nyumbani kinachounganisha kazi mbili ambazo hapo awali zilifanywa na vyombo viwili: kusaga buni zilizokaangwa, na kuyasukuma maji ya moto kwa mgandamizo mkubwa yapite katika unga wake ulioshindiliwa, ili kipatikane kikombe kidogo cha kahawa nzito iliyofunikwa na krema, yaani povu laini la rangi ya hudhurungi. Barua zinazojibiwa hapa zimetoka kata ya Matwebe na maeneo mengine ya Tukuyu, wilayani Rungwe. Majina ya waandishi yamefichwa kwa kufuata desturi ya safu hii, ingawa majirani wao, kwa jinsi habari zinavyotembea Matwebe, wameshawatambua.

Mkulima Asiyejua Kosa Lake anaeleza kwamba binti yake mkubwa, anayefanya kazi Dar es Salaam, alimtumia mashine ya aina hiyo, naye kwa kuwa ana kahawa yake mwenyewe ghalani aliijaza moja kwa moja katika chombo cha juu cha kisagio, akabonyeza kitufe, mashine ikanguruma, ikakaa kimya, na tangu siku hiyo haijazungumza tena. Anauliza iwapo amedhulumiwa na muuzaji.

Muuzaji hana kosa. Kahawa inayotunzwa ghalani na wakulima wa arabika wa Rungwe ni ile iliyokwisha kumenywa ganda jekundu, ikavundikwa, ikaoshwa na kukaushwa juani juu ya vichanja, lakini bado imevaa ngozi nyembamba na ngumu inayoondolewa kwa kukobolewa. Na hata baada ya kukobolewa, punje yake ya kijani ni ngumu kiasi cha kuzishinda mota nyingi za nyumbani, kwa sababu ugumu huo hauondoki mpaka moto uifukuze sehemu kubwa ya maji yaliyomo, uivimbishe punje na kuifanya ivunjike kwa urahisi. Muulizaji achomoe waya ukutani, amwage buni zote, atoe jino la juu la kisagio (katika mashine nyingi huzungushwa kwa mkono likatoka) na kusafisha kwa brashi kavu, si kwa kisu. Kisha atwange kiasi kidogo cha kahawa yake, aipepete, na kuikaanga katika kikaango kipana huku akikoroga bila kupumzika mpaka asikie mlio wa kwanza wa kupasuka, unaofanana na wa bisi, na aendelee kidogo tu baada ya hapo, kwa kuwa kahawa inayokaangwa hadi ing'ae mafuta hugandamana ndani ya kisagio. Aiache ipumue kwa takriban wiki moja, maana kahawa iliyotoka motoni hutoa gesi ya kaboni dioksaidi inayovuruga mmiminiko wa espreso na kuijaza povu la uongo.

Ushauri huu unamfaa pia mkulima mwingine yeyote anayekusudia kununua mashine hii kabla hajajua ni nani atakayemkaangia kahawa. Ni jambo la kushangaza, lakini ni la kweli, kwamba mtu anaweza kupeleka magunia katika chama cha msingi cha ushirika msimu baada ya msimu, akarudi nyumbani kunywa chai ya rangi, na asiwe na punje moja iliyokaangwa ndani ya nyumba. Mashine haiwezi kuziba pengo hilo.

Mwalimu wa Fizikia ameandika barua ndefu yenye michoro. Ameona mashine moja inayotangazwa kuwa na mgandamizo wa ba 15, na nyingine ya ba 9, ghali zaidi, yenye kisagio; anashangaa kwa nini namba ndogo iuzwe kwa bei kubwa.

Historia ya chombo inatoa sehemu ya jibu. Angelo Moriondo wa Torino, Italia, alipata hataza ya mashine ya kahawa ya mvuke mwaka 1884, na Luigi Bezzera wa Milano akafuatia mwaka 1901 kwa mashine iliyopika kikombe kimoja kimoja. Lakini mvuke peke yake ulitoa mgandamizo mdogo, usiofikia ba 2, na ulihitaji maji ya moto kupita kiasi, hivyo kahawa yake ilikuwa ya haraka na yenye ladha ya kuungua. Achille Gaggia, aliyepata hataza mwaka 1938, ndiye aliyeuacha mvuke, na baada ya Vita Kuu ya Pili mashine zake za mkono wa springi zikaufikisha mgandamizo karibu na ba 9, ndipo krema ikaonekana. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ikatoa mashine ya E61, iliyoikabidhi pampu ya umeme kazi ya mkono huo. Ba 15 zinazoandikwa kwenye maboksi ni uwezo wa juu kabisa wa pampu pale maji yanapozibiwa njia, wala si mgandamizo unaotakiwa kufika katika unga, ambao bado ni ule ule wa 9 au karibu nao. Mwalimu asilipie namba hiyo.

Alipie kisagio. Espreso ya kawaida hutumia gramu 18 hivi za unga kutoa gramu 36 za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30, na kinachoamua muda huo, maadamu kipimo na ushindiliaji havibadiliki, ni ulaini wa unga: ukiwa wa chengachenga maji hupita mbio na kahawa huwa chachu na nyepesi, ukiwa laini mno maji hukwama na kahawa huwa chungu. Kisagio cha visu, kinachokata ovyo kama blenda, hutoa vumbi na chenga kwa pamoja, ndiyo maana kinachohitajika ni kisagio cha meno, ambamo buni hupita kati ya nyuso mbili za chuma au kauri zenye nafasi inayoweza kurekebishwa. Kabla ya kulipa, mwalimu atazame iwapo meno hayo yanatolewa kwa mkono ili yasafishwe, iwapo hatua za kurekebisha ni nyingi na ndogo ndogo, na iwapo mashine imekuja na chujio la ukuta mmoja. Chujio la kuta mbili, lenye tundu moja dogo chini, hutengeneza povu hata kwa unga mbaya, na kwa hiyo humficha mnunuzi ubaya wa kisagio alichouziwa.

Hasara ya kuunganisha viwili iko katika matengenezo: kisagio kikiharibika, mashine nzima hupanda gari kwenda Mbeya. Aliye mbali na fundi, na mwenye nafasi ya vyombo viwili mezani, anafanya vyema zaidi kununua kisagio peke yake, hata cha kuzungusha kwa mkono. Kuhusu mwinuko, ambao mwalimu ameuwekea mchoro wa nne, ni kweli kwamba Tukuyu, iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi. Lakini espreso inataka maji ya nyuzi 90 hadi 96, na ndani ya mashine maji yamefungiwa. Mvua za Rungwe zina madhara zaidi kuliko mwinuko wake, kwa sababu buni zilizokaangwa hufyonza unyevu wa hewa, na chombo cha juu kikiachwa kimejaa wiki nzima, kipimo cha jana hakitafaa kesho.

Mwenye Shemeji Marekani ameahidiwa mashine ya volti 120. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, ule wa Marekani ni wa mizunguko 60. Transfoma yenye uwezo wa kubeba wati 2,000 itashusha volti, lakini haitagusa mizunguko, na pampu ndogo za mtetemo hupiga kwa kufuata mizunguko hiyo. Shemeji ashukuriwe na aombwe atume fedha.

Mama wa LUKU anaogopa kwamba uniti zitaisha. Mashine ya wati 1,600 ikiwashwa kwa robo saa haiwezi kuzidi uniti 0.4, na kwa kawaida hula pungufu, maana hita hujizima joto likitosha. Afadhali woga huo auelekeze kwenye umeme unaopanda na kushuka, na anunue stabilaiza.

Mkwe Mwenye Adabu ana shida nzito kuliko zote. Ameolewa Matwebe, ana mashine ya kushindilia kwa mkono, na baba mkwe, aliyeonja mara moja, sasa hufika kila asubuhi akiitaka kahawa hiyo. Desturi ya Wanyakyusa ya mkwe kumkwepa baba wa mume, ambayo Monica Wilson aliieleza katika kitabu chake *Good Company* cha mwaka 1951, na ambayo ilimtaka mwanamke asimtazame wala asizungumze naye, tena apishe njia anapomwona, imelegea katika nyumba nyingi lakini si katika hii. Mashine iko sebuleni. Mzee pia.

Watungaji wa vitabu vya maelekezo hawakulifikiria suala hili, lakini limo ndani ya uchaguzi wa mashine. Ile ya kushindilia inahitaji mtu asimame mbele yake, apime, asage, ashindilie na kuangalia saa. Ile inayojiendesha yenyewe hufanya yote hayo ndani ya tumbo lake kwa kitufe kimoja, ambacho mzee anaweza kukibonyeza mwenyewe wakati mkwe yuko jikoni akiendelea na shughuli zake. Ni ghali zaidi, ina viungo vingi, na kiungo chake cha kupikia lazima kitolewe na kuoshwa kila wiki, kazi ambayo mume apewe. Mzee akitaka maziwa, yawe yamechemshwa kwanza na kupozwa, utando ukaondolewa, kwa kuwa maziwa ya povu hupashwa mpaka nyuzi 60 au 65 tu kwa muda mfupi, na joto hilo halitoshi kuua vijidudu vya brusela katika maziwa yaliyokamuliwa asubuhi hiyo.

Mpenda Viungo anauliza kama tangawizi kavu inaweza kusagwa pamoja na buni. Haiwezi, nyuzi zake husokotana kwenye meno. Aitwange kando na kuitia katika dele, chombo ambacho watu wa pwani wamekuwa wakipikia kahawa ya tangawizi bila kitabu cha maelekezo.

Mwenye Mgahawa Stendi anataka kujua ikiwa mashine ya nyumbani itahimili wateja wa mabasi ya asubuhi. Haitahimili: mota ya kisagio chake hupata joto ikisaga mfululizo, na tangi lake la maji hujazwa kwa mkono. Kabla ya kutafuta kubwa zaidi, ahesabu kwa wiki moja ni wateja wangapi wameagiza kahawa na wangapi wameagiza chai ya maziwa na chapati, kisha aandike tena.