Gorogoro ya Kichwani

Jirani, hawa waliosoma watatumaliza. Mpwa wangu amekuja likizo hapa Rongo na kitu anakiita dhana. Mimi sijaiona. Hailiwi, haiuzwi, haiwekwi rehani. Lakini tangu ije, kwangu hakukaliki.

Chanzo ni omena, wale dagaa. Nilinunua gorogoro mbili soko la Homa Bay. Gorogoro si unaijua, ule mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo 2. Kufika nyumbani, mama watoto anazimwaga kwenye mkebe wake. Hazijai. Wueh! Kumbe kitako cha mkebe wa sokoni kimegongwa nyundo, kikaingia ndani. Mimi nalaani, mpwa anacheka. "Ankali, gorogoro kamili iko kichwani. Mikebe inakuja na kuondoka. Bila dhana hiyo ungejuaje umepunjwa?" Sasa nikaange kichwa?

Nikamwambia hayo ni maneno ya Wazungu. Hapo akafungua bomba. Ati si ya Wazungu pekee: Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alizunguka vijijini miaka ya 1970 akiwahoji wazee wenye hekima. Kitabu chake, Sage Philosophy, kikatoka 1990. Mmoja wa wazee hao ni Paul Mbuya Akoko, Mjaluo wetu. Mzee alisema Mungu ni mmoja kwa watu wote. Miungu ingekuwa mingi ingegombana, na dunia ingekwenda shaghalabaghala. Lakini dunia ina mpango: mbwa huzaa mbwa, hazai paka.

Yaani hicho ndicho kinaniuma. Mbwa hata mimi ninaye. Kazi yake kubwekea wageni na kulamba sufuria. Amezaa weee! Mimi nikawaza tu nani atachukua watoto. Mzee kaanzia kwa mbwa akafika kwa Mungu. Mimi hata kwa daktari wa mifugo sijafika.

Basi nami nikaamua kuitumia hiyo elimu. Kwenye kioski nina deni. Nikaenda kifua mbele. "Mama, deni ni dhana tu. Hebu lishike nilione." Hakubishana. Alifungua daftari akalisoma kwa sauti, tarehe kwa tarehe, na vijana wa boda wamejaa pale stegi wametega masikio. Unga. Sukari. Sigara moja. Halafu akafika kwa lile yai la kuchemsha nililokula usiku, peke yangu, nimesimama gizani. Mama watoto alikuwa nyuma yangu kwenye laini. Habari za yai hakuwa nazo.

"Jaduong'," mwenye kioski akauliza, "na aibu nayo ni dhana?"

Mpwa alifurahi kama amepata mshahara. "Unaona, ankali? Yai liliisha kitambo. Deni lake bado liko."

Nimemuuliza hiyo likizo inaisha wakati gani. Ananiuliza wakati ni nini.