Kabla Hujaigusa Kompresa, Msalimie Jirani

Hatua ya kwanza ya kutumia kompresa ya sauti ni kutoka nje na kubisha hodi kwa jirani. Kama ni mtu mzima, mwamkie kwa adabu, muulize hali ya wajukuu, kisha ndipo umwombe apunguze redio kwa saa moja. Video za mafunzo hazitakwambia haya. Waliozitengeneza hawaishi Mtopanga, Mombasa.

Hatua ya pili ni kuzima pangaboi. Hata kama ni joto la Februari. Zima.

Nasisitiza hivi kwa sababu studio nyingi za Kisauni, Likoni na Changamwe ni vyumba vya kulala, na kompresa hainyanyui sauti yako peke yake. Kazi yake ni kuibana sauti inapovuka kizingiti ulichoweka. Tuseme kizingiti ni desibeli -18 na uwiano ni 3:1. Umefika kwenye kiitikio, umepandwa na jazba, sauti imegonga -9. Imevuka kwa desibeli 9, na kompresa itaitoa ikiwa imevuka kwa 3 tu. Desibeli 6 zimebanwa. Mpaka hapo raha tupu. Lakini sauti sasa imeshuka, kwa hiyo utaipandisha desibeli 6 zile zile ili irudi mahali pake, na chochote kilichojificha nyuma yake kinapanda nayo. Desibeli 6 ni kimo cha mawimbi maradufu. Pangaboi linapanda. Honi ya feri inapanda. Muuza kahawa anayegonganisha vikombe kichochoroni anapanda, naye hata hakualikwa. Kibaya zaidi, kelele hizi husikika hasa pale unaponyamaza kuvuta pumzi, maana hapo kompresa imeachilia. Utadhani umeajiri waitikiaji.

Kila mtaa una waitikiaji wake. Magongo ni malori ya kontena yakibadilisha gia, na Port Reitz ni ndege zinazotua. Likoni ni boda boda zinazowahi feri. Popote pale yuko fundi wa pancha mwenye kompresa yake ya upepo, na ile yake ina nguvu kuliko yako. Adhana ikianza, vua hedifoni, kunywa maji, subiri iishe. Mvua ikigonga mabati, funga kazi ukalale.

Kuta nazo zina maneno. Chumba cha matofali kisicho na kitu hurudisha mwangwi, na kompresa huuvuta mwangwi huo mbele mpaka msikilizaji ajue umeimbia chumba cha ukubwa gani. Simamisha godoro nyuma yako, tundika blanketi na leso nzito pembeni. Ukiwa na kabati la nguo, lifungue uimbe ukiliangalia. Kwa hisani ya suti za shemeji utapata sauti kavu.

Sasa tuje kwenye kosa ninaloliona sana, na linaniuma kwa sababu linaharibu rekodi za vijana wenye vipaji vya kweli. Mtu anaweka plagini ya kompresa kwenye kompyuta, kisha anaimba kwa nguvu akiamini sauti haitapasuka. Itapasuka. Sauti hupita kwanza kwenye maiki na kadi ya sauti, ndipo ifike kwenye plagini. Ikipasukia kwenye kadi, kompresa inapokea sauti iliyokwisha kuharibika na kuibana hivyo hivyo. Punguza kitufe cha kadi, rekodi kwa biti 24, na kilele cha sauti kisipite -10. Ukiona mstari wa mawimbi ni mwembamba usiingiwe na hofu, nafasi ya kupandisha utaipata baadaye.

Jifunze pia kutumia shingo. Kaa shubiri moja kutoka kwenye maiki, na unapokaribia kupaza sauti, rudi nyuma kidogo. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za kampuni ya HMV, sauti ilichongwa kwenye nta pale pale, bila plagini na bila nafasi ya kuja kurekebisha. Mwimbaji aliyejipima mwenyewe humpunguzia kompresa kazi, na kompresa yenye kazi ndogo haisikiki.

Ukishayamaliza hayo, fungua mashine. Kama unatumia FL Studio, Fruity Limiter ina sehemu ya kompresa na inatosha kabisa kuanzia. Chukua neno "nakupenda". Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "pe" inaruka juu na "nda" inazama chini ya ngoma. Shusha kizingiti polepole mpaka "nda" isikike bila ya "pe" kukupiga sikioni. Kwa kawaida utakuwa umebana desibeli 3 hadi 6. Ataki ndiyo kasi ya kukamata. Ukiiweka chini ya milisekunde 1, inaitafuna ile "p" na mpenzi wako atabaki anakisia umesema nini. Jaribu 10 hadi 15. Rilisi ndiyo kasi ya kuachilia. Kwa anayechana haraka, anza na 60, na kwa taarabu yenye sauti za kuvuta, panda hata 200, la sivyo sauti itahema kama mtu aliyepanda ngazi.

Ukihitaji kubana zaidi, tumia mbili zinazosaidiana badala ya moja inayokaba. Ya kwanza iwe ya haraka kwa mtindo wa kompresa ya 1176 aliyoitoa mhandisi wa sauti Bill Putnam mwaka 1967, na ikamate vilele tu. Ya pili iwe ya polepole kwa mtindo wa LA-2A, inayobana kwa kutumia taa na kihisi mwanga, ilainishe kilichobaki. Zote zina nakala za plagini, na nyingine ni za bure.

Halafu jihukumu kwa haki. Sikio hupenda chenye kelele zaidi, kwa hiyo sawazisha volyumu kabla ya kulinganisha sauti iliyobanwa na isiyobanwa. Ukiona tofauti ni kubwa ajabu, umezidisha. Usiulize rafiki aliyekuja kupiga picha na maiki. Mpe simu mtu mwingine ndani ya tuktuk, wimbo ukicheza kwa spika ya simu, na umwombe akariri ubeti wa pili. Asipoweza, rudi kwenye kizingiti.

Na ile rekodi mbichi, isiyobanwa, ihifadhi kwenye flashi tofauti leo hii. Sauti iliyokabwa haifunguki tena, na tokeni za stima zinaweza kuisha kabla hujabofya hifadhi.